Kadi Iliyotangulia Nyumbani

Mama yangu hawezi kuona kitu kimekaa mezani akakiacha kikae. Lazima akitafutie safari. Sabuni ikibaki moja kwenye pakiti, boksini. Taulo tulilopewa bure dukani, boksini. Siku moja nilitafuta miwani yangu nyumba nzima mpaka nikataka kulia, kumbe imeshapangwa kati ya kahawa na makopo ya nyama, inangoja meli. Nikamuuliza, "Mama, hii miwani unampelekea nani Mangaldan?" Akanijibu bila haya, "Kwani kule watu hawana macho?"

Boksi lenyewe hukaa pembeni mwa sebule yetu hapa Winnipeg, Kanada, mwaka mzima, mdomo wazi. Likijaa tunalifunga kwa tepu, gari linakuja kulichukua, linapanda meli kwenda Mangaldan, kwetu Ufilipino, na siku hiyohiyo mume wangu Isko anasimamisha jingine palepale. Kila nyumba ya watu wetu ninayoijua ina boksi lake. Sijawahi kulilalamikia. Nililalamika mwaka jana tu, na haki ninayo.

Mwaka jana mwezi wa sita alikuja Lovella, mtoto wa kaka yangu. Alikuja na karatasi zake kamili za ukaazi wa kudumu, hakuja kwa kuibia. Pale uwanja wa ndege wakampokea vizuri, wakaandika anwani yangu, wakamwambia kadi yake itakuja kwa posta. Nikamtafutia kazi kwenye nyumba ya wazee ninakopika mimi. Mimi nawapikia, yeye anawaogesha na kuwavisha. Mtoto mzuri, mcheshi, wazee wakampenda mpaka wakawa wanagoma kuvaa soksi kama si yeye anayewavisha.

Ila alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi. Mchumba wake, Rommel, alibaki Mangaldan, na walitaka kufunga ndoa ili aanze kumwombea karatasi naye aje. Sasa kwetu sisi, ndugu wawili wa tumbo moja hawafungi ndoa mwaka mmoja. Wakithubutu, mmoja atakula bahati ya mwenzake, na hujui ni yupi atakayebaki na sahani tupu. Na mdogo wake Lovella, Arlyn, alishapanga yake Februari, kanisa limeshikwa, kwa sababu bwana wake ni baharia na likizo yake ndiyo hiyo hiyo. Kwa hiyo Lovella ama aolewe kabla mwaka haujaisha, ama angoje mpaka mwaka wa Arlyn upite wote, ndipo aanze hayo mambo ya kumwombea mume.

"Upuuzi mtupu huo," alisema Isko.

"Basi piga simu uwaambie wakwe wa pande zote mbili kwamba ni upuuzi," nikamwambia. "Simu hiyo hapo." Isko akakumbuka ana theluji ya kuondoa nje, na wakati huo theluji yenyewe haijaanza kuanguka.

Ikapangwa harusi iwe siku mbili baada ya Krismasi. Lovella akaomba likizo, akapewa kidogo kwa sababu ni mgeni kazini, na meneja akamwambia waziwazi kwamba asiporudi tarehe yake, nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Tiketi ikanunuliwa, ya kwenda na kurudi, ile ya bei nafuu isiyobadilishwa. Kilichobaki ni kadi.

Maana nchi hii kutoka si kazi. Hakuna anayekushika shati. Kazi ni kurudi. Ukifika pale Manila bila kadi ya ukaazi, watu wa ndege hawakupandishi, hata ulie. Unaweza kuomba hati ya safari ubalozini, lakini nayo ina foleni yake, na likizo ya Lovella haikuwa na nafasi ya foleni.

Basi kila akitoka kazini, kabla hata ya kuvua viatu, swali lilikuwa moja: "Shangazi, posta imeleta nini?" Imeleta matangazo ya piza. Imeleta bili ya umeme. Oktoba ikaisha, Novemba ikaingia na baridi yake, kadi hakuna. Mwishowe Lovella akapiga simu kwa wahusika. Wakamwambia kadi yake ilitumwa Septemba, kwa anwani hiihii.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunakula mayai na wali wa kukaanga. Lovella hali, anasukumasukuma wali tu. Mimi naisema posta maneno ambayo mtu aliyetoka kusali hapaswi kuyasema. Mama akainua kichwa.

"Hiyo kadi inakuja kwenye bahasha?"

"Ndiyo, Bibi," akasema Lovella.

"Nyeupe? Ina jina lako?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ukiishika, katikati kuna kitu kigumu kama biskuti?"

Kijiko changu kikasimama hewani. "Mama," nikasema polepole, "umeipeleka wapi?"

"Mbona unanitolea macho hivyo? Bahasha ina jina la mtu. Nimeiweka pamoja na bahasha nyingine za Krismasi."

Nikaona giza. Kila Septemba tunaandika bahasha za Krismasi, kila moja na jina la mwenyewe juu, ndani picha na kadi na peremende, ili kule boksi likifunguliwa watoto wasigombane. Tangu Lovella azaliwe, bahasha yake haijakosekana. Na kuchukua barua langoni ni kazi ya Mama, ndiyo matembezi yake pekee. Kaona bahasha ya Lovella, kaitumbukiza na za wenzake. Boksi lenyewe liliondoka mwanzo wa Oktoba.

"Mama! Lovella yuko hapa! Huyu hapa anakula mayai yako!"

"Sasa si namwona," akasema Mama. Kisha akaangalia vidole vyake, sauti ikashuka. "Mkono umezoea, Doray. Mkono bado unamjua yuko kule."

Lovella akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalala juu ya meza. "Bibi, kadi yangu imekwenda nyumbani kabla yangu! Mimi nalipia ndege, yenyewe imepanda meli!" Akacheka tena, halafu nikaona mabega yanatikisika vingine, na haikuwa kicheko tena. Mama akamshika kichwa, akawa anambembeleza kwa kilugha chetu cha Pangasinan kama mtoto wa miaka miwili.

Jioni tukakaa kikao. Nikasema aripoti kuwa kadi imepotea, apewe nyingine. Lovella akasema ameshauliza: nyingine itachukua miezi, na ile ya kwanza ikisharipotiwa inakufa, hata ukiipata ni plastiki tu.

"Basi ahirisha harusi."

"Mpaka mwaka wa Arlyn upite? Hapana, Shangazi. Nitaifuata."

"Utaifuata? Kwani kadi ni mbuzi aliyekata kamba?"

"Boksi linafika kwa mama kule Mangaldan kabla ya Krismasi. Nikifika nitalikuta. Nitachukua kadi yangu, nitaolewa, nitarudi."

"Boksi la mwaka juzi lilifika Februari," nikamwambia. "Chokoleti imeota mvi. Usipolikuta je? Kazi imekwenda, unakaa kule, umeanza upya. Mtoto wewe, ulivyosota kuja huku!"

"Boksi langu halijawahi kupotea," Mama akadakia.

"Mama, wewe leo naomba unyamaze."

Nikamgeukia Rommel, maana alikuwa kwenye simu muda wote huo, uso wake umesimama kwenye kioo kama picha ya kitambulisho. Kijana fundi wa mafriji. Sikumpenda, nasema kweli. Si kwamba alikuwa na ubaya wowote. Hasemi. Unamuuliza habari anasema nzuri, Shangazi. Unamuuliza maoni anasema sawa, Shangazi. Kwetu wanaume wanaimba, wanatania, wanakwambia umenenepa. Huyu bubu.

"Rommel, wewe unasemaje?"

"Atakavyo Lovella, Shangazi."

Nilipokata simu nikamwambia Isko, kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu kijana hana hasara. Boksi likifika, kaoa. Boksi lisipofika, kaoa na mke anabaki naye palepale. Ningekuwa yeye ningewasha mshumaa kanisani meli itembee polepole. Isko akasema namwonea. Nikamwambia alale.

Lovella akaondoka katikati ya Desemba, amebeba nguo zake mbili tatu na vifurushi vya mtaa mzima, maana kwetu mtu akisikika anasafiri, kila jirani ana kamfuko kadogo tu, kepesi tu, ka dada yake. Mama alimpa baraka mlangoni. Mimi nilimpa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Krismasi ikafika, boksi hakuna. Meli ilishatia nanga lakini makontena yamepangana, yanashushwa kwa zamu. Siku ya harusi ikafika, boksi hakuna. Viatu vya bwana harusi, ambavyo Lovella alimnunulia huku, vilikuwa mle mle ndani, kwa hiyo Rommel alioa na viatu vya kaka yake vya saizi ndogo. Picha zote anatembea kama mtu aliyekanyaga makaa.

Lakini ilikuwa harusi nzuri, jamani. Tuliitazama kwenye simu, tumeiegemeza kwenye chungu cha wali, sebule imejaa majirani, sahani za tambi na nyama mapajani. Mama alivaa gauni lake la kanisani na lulu. Walipotoka kanisani, Lovella na mumewe wakaja mbele ya simu kuomba baraka kwa Mama. Kwetu unauchukua mkono wa mzee unaugusisha kwenye paji la uso. Mama akanyoosha mkono kwenye kioo, na kule Rommel akainamisha paji lake mpaka likajaa simu nzima, likabaki paji tupu na jasho. Tukacheka, tukalia. Lovella alikuwa anang'aa. Nilisahau boksi kwa muda wa kama sahani mbili.

Mwaka mpya ukaingia. Lovella akawa anapiga simu kwenye ghala la wenye maboksi, nje kidogo ya Manila. Wakamwambia boksi lipo, limeshuka, ila Mangaldan zamu yake ni wiki ijayo. Wiki ijayo ndege yake itakuwa imeshaondoka. Akaomba alifuate mwenyewe, wakamwambia maboksi ni maelfu, wafanyakazi wako likizo, hakuna wa kumtafutia.

Akashuka Manila na mumewe hivyo hivyo, wakafikia kwa binamu, kwa sababu hakuwa na moyo wa kukaa tu Mangaldan siku ndege yake inaondoka. Akanipigia. "Shangazi, basi. Nikienda uwanjani watanirudisha. Nitaomba ile hati, nitangoja. Kazi nikiipoteza nitatafuta nyingine."

"Nilikwambia!" nikafoka. "Sikukwambia?"

"Uliniambia, Shangazi."

Alivyosema vile, bila kubishana, hasira zote zikaniishia. Nilimwambia ale, apumzike, Mungu yupo. Nikaenda stoo ya chakula, nikajifungia na magunia ya mchele, nikalia. Nilikuwa nimeshamzoea. Nyumba ilikuwa na kelele nzuri alipokuwemo.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya ndege. Huku kwetu jioni, narudi kazini na miguu imeganda, kule kwao ni asubuhi. Simu ikalia, Lovella.

"Shangazi, Rommel hayupo. Nimeamka hayupo, binamu anasema katoka alfajiri. Simu yake haipatikani."

"Nilijua mimi!" nikasema. "Nilijua! Ndege yako inaondoka leo, yeye kaenda kujificha ili asikuone unavyoumia. Au kaenda kunywa na wenzake, kafurahi kabakiziwa mke. Bubu yule! Nilimwambia Isko tangu mwanzo."

"Shangazi, usimseme mume wangu," akasema Lovella. Hakupandisha sauti, lakini nilimuaga upesi.

Sikukaa hata kumaliza kikombe cha chai, simu ikalia tena. Namba ya Rommel. Nikaipokea nikiwa na hotuba tayari mdomoni. Kwenye kioo nikaona maboksi, maboksi, maboksi yamepandana mpaka kwenye paa la bati, na katikati yao Rommel, shati limelowa, nywele zimejaa vumbi.

"Shangazi, naomba Bibi."

"Uko wapi wewe?"

"Ghalani. Nimechukua namba ya boksi kwa mama mkwe. Mlinzi kaniruhusu nitafute mwenyewe. Nimelipata, Shangazi, lakini wananiharakisha. Naomba Bibi aniambie aliiweka wapi."

Mama alishafika. Sijui alitokaje kwenye kiti haraka vile. Akaninyang'anya simu, akaisogeza machoni, na akaanza kuamrisha kama jenerali.

"Fungua upande wenye jina. Kwa taratibu, usichane! Hizo taulo, weka pembeni. Hizo ni za Merced, usizikanyage. Sasa kahawa. Toa kahawa. Una mikono gani wewe, toa mbilimbili!"

"Ndiyo, Bibi."

"Chini ya kahawa kuna nyama za kopo. Chini ya nyama kuna sabuni. Ingia zaidi."

"Mkono haufiki, Bibi."

"Inama! Mtaka cha mvunguni anafanyaje?"

"Anainama, Bibi," akasema Rommel, na akaingia boksini kichwa na mabega, tukabaki tunaona miguu.

Akatoka na furushi la bahasha limefungwa kwa utepe mwekundu. Akaanza kuzisoma majina ya ndugu moja moja, Arlyn, Merced, Boyet, watoto wa Boyet, mpaka akaifikia ile nyeupe, ndefu kuliko wenzake. Akaichana. Kadi ikateleza kwenye kiganja chake. Tuliiona hata sisi, uso wa Lovella mdogo kabisa, hacheki, wanavyowakataza kucheka.

Mama akapiga makofi. Mimi nikapiga kelele hadi Isko akatoka bafuni na povu la kunyolea. Lakini Rommel hakupiga kelele. Alikuwa ameinamia ile kadi, anaitazama, anaifuta vumbi kwa kidole gumba ingawa haikuwa na vumbi. Ndipo nikaelewa ameshika nini mkononi. Na hakuna mtu mwingine pale ghalani aliyejua. Kama angeliona boksi akalipita bila kutupigia simu, nani angemuuliza?

"Rommel," nikasema, na sijui kwa nini nilinong'ona, "hukuwaza kuiacha humo?"

Akaigeuza kadi upande wa nyuma.

"Niliwaza, Shangazi. Tangu tufunge ndoa naomba Mungu boksi lisifike. Lakini jana alikuwa analia bafuni. Alifungua bomba ili nisisikie. Nikasikia."

Ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. Nilimtukana yule kijana tangu Novemba, moyoni na mdomoni, na sasa nilikuwa natamani nimshike uso kwa mikono yangu miwili.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Kimbia. Muda upo bado."

"Alifunge boksi kwanza!" Mama akapaza sauti. "Sabuni zitaibiwa!"

Hakumsikia. Alitia kadi kwenye mfuko wa shati, akatia na simu humohumo bila kuikata, na kioo kikawa cheusi. Tukabaki mimi na Mama na Isko na povu lake, tumeizunguka ile simu mezani, hakuna wa kuizima. Tulimsikia anamshukuru mlinzi. Tulimsikia anasimamisha pikipiki, haikusimama, akaendelea kwa miguu. Na ndani ya ule mfuko moyo wake ulikuwa unagonga kwa nguvu kiasi kwamba Mama alifunika mdomo. Anahema, anakimbia, anakimbia kwenda kumpa mkewe ruhusa ya kumwacha.